Mchezo wa Kamau Kwenye Bembea

Jamani, leo mtoto wangu karibu atufungishe.

Tulikuwa tumetoka kidogo tu. Mimi, Baba Kamau, na Kamau wetu ambaye hata miaka mitatu hajafika.

Mnapajua pale Bondeni penye bembea, kando ya kilabu inapopikwa pombe. Baba Kamau akaingia ndani kukata kiu, mimi nikakaa kwenye nyasi.

Kugeuka hivi, Kamau ameburuta jani la mgomba, amelitundika kwenye bembea, na anapita chini yake. Anazunguka, anapita tena.

Anahesabu!

Ndivyo watu wanavyopita wakila kiapo cha siri cha kuipinga serikali, na siku hizi ukijulikana umekila ni kitanzi. Siku yangu nilipita naye mgongoni. Mimi nilidhani amelala.

Nikainuka mbio nimshike. Nikaona homugadi wa serikali amesimama pale, bunduki begani, kikombe cha pombe mkononi, anamtazama.

Kamau akafika tano, akachoka, akakaa chini.

Homugadi akainama, akamwambia polepole, "Bado, kijana. Ni mara saba."

Halafu akaniangalia mimi. Hakucheka.

Sasa niambieni ukweli. Huyo ni mwenzetu, ama alikuwa ananipima?

Baba Kamau ameshaanza kufunga nguo. Anasema huenda tukapona, maadamu mimi sikumjibu kitu.

Sijamwambia kwamba nilimkubalia yule mtu kwa kichwa.