Salamu Nilizopeleka Chekalini

Habari za kifo chake nilizipata kwenye bucha, mahali palepale tulipojuana. Ilikuwa Jumanne, yapata saa tano asubuhi, nami nimesimama mbele ya dirisha la bucha ninayonunulia nyama hapa mjini Kakamega, nikingoja zamu yangu. Mwenye bucha alikuwa ameibana simu kati ya bega na sikio, kisu mkononi. Alisikiliza, akasema "ai" mara moja tu, akaiweka simu kando ya mizani, akanitazama. "Mzee wa gazeti," akaniambia, "Daktari ametuacha. Ameanguka na pikipiki hapa mbele ya Khayega, sasa hivi tu." Kisha, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na foleni, akaniuliza nilitaka kilo ngapi. Nilimjibu, lakini hata leo sijui nilimjibu nini. Nilifika nyumbani nikiwa na maini, na mimi sili maini.

Wanaoisoma safu hii wanajua kwamba sitaji watu kwa majina, wala sitaanza leo. Itoshe kusema marehemu alikuwa mkaguzi wa nyama. Ng'ombe hafiki sufuriani mwako kabla mtu wa namna yake hajamtazama akiwa hai, akamtazama tena akiwa amechunwa, akapasua ini, mapafu na tezi, ndipo akapiga mhuri wa wino kwenye paja. Hakuwa daktari, ila watu wote wa vichinjio na bucha walimwita Daktari, naye aliitika bila kusita. Nilimjua kwa miaka kumi na miwili hivi. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulikuwa watu wa kukutana kwenye dirisha la bucha na kubishana. Alikuwa mkali kama pilipili. Akilikataa ini, alimwita mwenye ng'ombe, akamwonyesha minyoo mmoja mmoja kwa ncha ya kisu, akimhubiria habari za malisho ya mabondeni mpaka yule bwana ajute kuzaliwa. Na jambo moja lilikuwa likituchekesha sana: hakula nyama yenye mhuri wa mtu mwingine. Harusini, matangani, hata kwa wakwe zake, Daktari alikula mboga.

Mwanzoni alikuwa na kichinjio kimoja. Mwenzake mmoja akastaafu, mwingine akahamishwa, na nafasi zao zikabaki viti vitupu. Vichinjio vitatu vikawa vyake peke yake, naye akawa mtu wa pikipiki: alfajiri Lubao, jua likitoka yuko upande wa mjini, kisha mbio hadi Khayega, ambako watu tayari wanapiga miluzi kwa kuchelewa. Hakuna aliyemwonea huruma. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulimwona akipita na mzigo wake, tukampungia mkono.

Ndipo akaanza kubadilika, na hapa naomba msomaji asome polepole, maana mimi wakati ule nilisoma haraka. Daktari akawa mpole. Yule mtu wa mahubiri ya minyoo akaacha kuhubiri. Akikataa ini, alilitupa tu kwenye pipa bila neno; mwenye ng'ombe akilalamika, alimtazama kama anayetazama ukuta. Wenye bucha walifurahi. "Siku hizi Daktari ameiva," waliniambia, "hasumbuanga mtu." Nami nikasema kweli, umri hutufundisha. Tulikuwa tunamwona mtu akizimika, tukadhani amestaarabika.

Kisha likaja lile jambo la mihuri. Siku moja paja la ng'ombe lilifika bucha likiwa na mhuri mara saba, mmoja juu ya mwingine, wino umetapakaa. Tulicheka mpaka machozi. Mmoja akasema huyo ng'ombe lazima alikuwa anasafiri nchi za nje. Daktari alipofika tukamwonyesha, naye akalitazama lile paja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hii niliipiga mimi?" akauliza. Tukazidi kucheka. Hakucheka. Aliligusa kwa kidole, akapanda pikipiki yake akaenda. Nilipanga hata kuuandika mkasa huo katika safu hii kama kichekesho cha Jumamosi, na namshukuru Mungu kwamba wiki ile siasa zilinijazia nafasi.

Zipo dalili nyingine ambazo wengine waliziona na kila mmoja akabaki na yake. Mama anayeuza chai nje ya kichinjio alimwona asubuhi baada ya asubuhi akifika, akizima pikipiki, kisha akibaki juu yake na helmeti kichwani, nusu saa nzima, akilitazama lango. Alidhani anaongea na simu. Siku moja nilimkuta hivyo mimi mwenyewe. Nikamtania kwamba ng'ombe wanamngoja. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mguu nauambia ushuke, unakataa." Nikacheka tena. Naona haya kuandika ni mara ngapi nilicheka.

Aliyemzuia alikuwa mchunaji mmoja mzee, mtu wa gambuti na maneno machache. Daktari mwenyewe alinisimulia baadaye. Ng'ombe alikuwa amening'inia, kila kitu wazi, naye akainua mhuri. Mzee akamuuliza, "Daktari, hii umeangalia?" Akajibu ameangalia. Mzee akasema, "Hujaifungua." Mapafu yalikuwa hayajaguswa. Daktari akachukua kisu akayapasua, na ndani akakuta uvimbe mgumu wa kifua kikuu, umejaa tele. Kidogo tu, na nyama ile ingeenda madukani, ingeenda kwa watoto wa shule, pengine ingekuja kwangu. Akauweka mhuri chini, akageuza ndoo, akaikalia mbele ya watu. "Niliogopa," aliniambia. "Si kuogopa ng'ombe. Niliogopa kwamba nilikuwa na uhakika kabisa nimeangalia."

Siku hiyohiyo alikwenda hospitalini kwa miguu yake. Nataka hili lijulikane, kwa sababu kwenye mazishi hakuna aliyelisema: alijitambua. Daktari wa kike aliyempima alimwambia mwili wake hauna homa wala malaria, umechoka, na uchovu wa namna hiyo haulaliwi usiku mmoja ukaisha. Akamwandikia mwezi mzima wa kupumzika, na akamwonya kwamba akirudi kabla ya siku zake atarudi akiwa mbaya zaidi. Mkaguzi wetu akafunga nyumba ya kupanga mjini, akaenda kwao Chekalini, kwa dada yake mkubwa anayelima kipande cha wazazi wao.

Wiki ya kwanza alilala. Kijiji hakikulala. Mwanamume mzima, mwenye kazi ya serikali, yuko nyumbani Jumatatu saa nne mchana, amevaa malapa? Walisema amefutwa. Walisema ameiba. Wengine walisema amerogwa na wenye ng'ombe aliowakataa. Kina mama wa kanisa walikuja kumwombea, na mmoja akamwambia wazi, "Baba, mwanaume hakaangi nyumbani hivi. Hii si bure." Naye akawaeleza kwamba hajafutwa, amepumzika tu. Wakatazamana, wakaomba kwa nguvu zaidi. Wiki ya pili ukoo ukamwona ana nafasi, ukampa uenyekiti wa kamati ya mazishi ya jirani na kesi ya mpaka wa shamba. Dada yake akasimama mlangoni, kanga kiunoni, akawafukuza wote.

Mimi nilifika mwishoni mwa wiki ya tatu. Wenye bucha ndio walionituma. Mkaguzi wa muda alikuwa akija akitaka, nyama inachelewa, wateja wananuna, nao wakaniomba kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno: "Mzee wa gazeti, wewe anakuheshimu. Mpelekee tu salamu. Mwambie kazi imelala." Nilikubali bila kufikiri, na kusema kweli nilijisikia mtu wa maana.

Nilimkuta amenenepa kidogo usoni. Dada yake alikuwa ametuchinjia ingokho, kuku wa kienyeji, na nilipokaribishwa nilimkuta Daktari ameinama juu ya karai jikoni, akizozana na dada yake kwa sauti kubwa. Alikuwa anamkagua kuku. Amelipasua ini dogo kama kidole, anamfokea dada kwamba ndege huyu alilishwa vibaya. "Wewe na hayo maini yako!" dada akamjibu. "Toka jikoni kwangu!" Wakaangua kicheko wote wawili. Alikuwa amerudi, jamani. Ule ukali wake, ile pilipili, ilikuwa imerudi mbele ya macho yangu, na mimi nikakaa kwenye kiti nikingoja obusuma, ugali wa kwetu. Nikala nikashiba. Kisha, dada alipotoka kuchota maji, nikazitoa salamu zangu. Nikasema wenye bucha wanamkumbuka. Nikasema kazi imelala. Na kwa kuwa aliendelea kula tu, nikaongeza langu, ambalo hakuna aliyenituma: kwamba watu wameanza kuuliza kama atarudi kweli, au ndiyo ameshindwa.

Aliweka chini tonge lililokuwa mkononi. Alinisindikiza hadi barabarani akizungumza habari za mvua.

Baada ya siku mbili nilimwona mjini, koti jeupe, helmeti. Alikuwa amebakiza siku nane za mapumziko. Wenye bucha walinishika mkono, wakanipa nyama nzuri, na mimi nikaipokea. Alifanya kazi wiki tisa baada ya hapo, mpole kuliko mwanzo, bila kumsumbua mtu. Kijana wa boda aliyekuwa nyuma yake asubuhi ile alinieleza alichoona. "Barabara ilikuwa kavu, mzee. Hakuna gari, hakuna ng'ombe. Pikipiki iliacha tu lami polepole, ikaenda kwa mtaro. Nilidhani anaenda kusimama ajisaidie. Breki hakupiga kabisa." Saa nne na nusu mchana, jua limewaka, mtu mzima alilala juu ya pikipiki inayotembea.

Nimekaa nikijiuliza sisi ni watu gani. Huku kwetu likizo si mapumziko. Mwalimu akifunga shule anapalilia, karani akipewa siku zake anajenga, wa kiwandani anakwenda kukata miwa yake mwenyewe, na wote kwa pamoja wanazika. Mtu asiyefanya lolote mchana ni mgonjwa au mwizi. Ndiyo maana anayechakaa kwa kazi hajafichika kwa mtu. Yuko mbele yetu anafika kila siku, halalamiki, hagombi, amekuwa mpole, nasi tunamsifu kwa dalili zilezile zinazomla. Na ofisi nazo zimetujua. Zinaacha viti vitupu kwa sababu zinajua yupo mmoja atakayekimbia kati ya vichinjio vitatu hadi aanguke. Sasa hivi ninavyoandika, vichinjio vile vimepewa mama mmoja aliyehamishiwa hapa, na nasikia wameshamwongezea cha nne. Wenye bucha wanamsifu kwamba ni mtulivu sana.

Kwenye mazishi kila aliyeshika maikrofoni alisema hakujua kupumzika. Wakasema ni mtu wa kazi, hakukosa kazini hata siku moja. Nilipoitwa kama mtu wa gazeti, nilisimama nikiwa nimekusudia kusema ninayoyaandika hapa. Nikaona nyuso za wazee, nikaona jeneza, nikasema hakukosa kazini hata siku moja. Watu wakaitikia amina. Nilirudi kukaa nikiwa nimejichukia.

Dada yake alinifuata baada ya kaburi kufunikwa. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Ni wewe ulikuja na ile maneno ya bucha?" Nikasema ni mimi. "Alikuwa ameanza kula," akasema. "Alikuwa analalanga mpaka saa tatu. Ungeniuliza mimi kwanza." Kisha akanikaribisha chakula, kama desturi ilivyo, na nilikila.

Mjumbe hauawi, tumefundishwa hivyo. Lakini sijasikia mahali mzee yeyote aliposema kwamba mjumbe haui. Basi, msomaji wangu, nikuombe jambo moja. Siku ukitumwa na wa kazini kwa mtu aliyepewa siku za kupumzika, kubali kutumwa, nenda. Kula ulichopikiwa, ongea habari za mvua na mahindi, muage vizuri. Kisha rudi ukawaambie waliokutuma kwamba hukumkuta. Ni uongo, najua. Mimi nilisema kweli, na mwenzangu nimemzika.