Masomo Yangu ya Udereva

Wasomaji, nichekeni tu, nimestahili. Hoteli moja hapa Voi imeleta mashine ya mchezo wa mashindano ya magari, yenye usukani na kioo kama cha televisheni. Mimi, karani wa shamba la mkonge, kazi hainipi nafasi ya kwenda kuucheza, basi nikamdanganya meneja kwamba najifunza udereva. Akafurahi, akaniruhusu saa nzima kila mchana.

Jumatatu dereva wetu aliugua. Meneja akanipa funguo za pikapu.

"Mwakio, nipeleke Marungu."

Nikashika usukani kwa madaha, nikawasha, nikakanyaga mafuta. Kumbe gia ilikuwa ya nyuma! Tukaingia kinyumenyume kwenye banda la kuku wa mkewe.

"Nani anayekufundisha?" akafoka, manyoya yamemjaa kichwani.

"Mashine, bwana. Ile ya hotelini."