Ziwa Lilipoingia Jikoni kwa Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Kalemie kutoka Manono ninakoishi sasa, siku mbili mgongoni mwa pikipiki, na kabla hata ya kuoga niliteremka kwenda kuitazama nyumba ya bibi yangu. Ndugu yangu, sikuikuta. Mtaa mzima niliokulia ulikuwa ziwa, na mchikichi mmoja uliokauka umesimama katikati ya maji.

Pale palikuwa na mchanga mpana, hata sisi watoto tulichoka kukimbia kabla ya kuyafikia maji. Asubuhi mitumbwi ilirudi na ndagala, nasi tukawaanika, tukawageuza na kuwafukuza kunguru, kisha tukaingia darasani tukinuka samaki na hakuna aliyeona ajabu. Mchana bibi alisonga bugali, akaipua sombe, yale majani ya muhogo, iliyojaa mawese, na tulipogombania chungu alisema, “Mukule polepole, hakuna muntu anawafukuza.” Mvua nayo ilijua wakati wake. Mwalimu alituandikia ubaoni miezi ya masika na ya kiangazi, tukainakili, na mbingu ikafuata daftari zetu.

Halafu ikaja miaka ambayo mvua haikujua kukoma. Ziwa lilikula mchanga, likavuka barabara, na siku niliyokuja kumsaidia bibi kuhamisha vyombo, lilikuwa limeshafika jikoni. Alikuwa amepandisha jiko juu ya matofali na anapika miguu ikiwa majini.

Kila mtu alikuwa na neno lake. Mchungaji alisema ni dhambi zetu. Jirani, mzee wa reli, alisema mto Lukuga unaotoa maji ziwani umezibwa na mchanga na hakuna anayeuzibua. Mwalimu wetu, mvi kichwa kizima, alisema jirani hakosei, lakini kuna kubwa zaidi: moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali umeipasha dunia joto, na joto hilo ndilo linalotuletea mvua za namna hii.

Kisha tukaitwa shuleni kumsikiliza mgeni, mtaalamu wa mazingira aliyetoka mji mkuu. Alituonyesha picha za vilima vilivyobaki vipara, akasema tatizo ni sisi, hasa akina mama, na makala, huo mkaa tunaouchoma. Ni kweli miti imekatwa, sikatai. Lakini watu walikuwa wamekaa pale na nguo zilizolowa, na yeye hakusema neno lolote juu ya mto wala moshi wa mbali.

Bibi akasimama.

“Papa, miye ninapikaka na makala, kikapu kimoja kwa juma. Ile motokari yako hapo inje inanguruma tangu asubui, na haiendi fasi yoyote. Dereva amelala ndani, motokari inamupulizia baridi. Sasa ni miye njo nimejaza hii ziwa?”

Darasa lilicheka kwa uchungu. Mgeni akatabasamu, akasema, “Asante Mama kwa mchango wako,” akaendelea na picha zake. Bibi alibaki amesimama, akingoja jibu. Na mimi, mtu mzima niliyesoma, sikufungua mdomo. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Hayakupita majuma mawili, ukuta wa jikoni ukaanguka mchana kweupe, bibi akiwa uani palipoinuka anatwanga sombe. Jirani na mimi tulimshika huku na huku, tukapita kwenye maji ya mapajani. Hakulia. Aligeuka mara moja tu.

Sasa anaishi mlimani kwa mama yangu. Juzi nilimuuliza kati ya wale wote ni nani aliyesema kweli. “Mwalimu,” akajibu. “Lakini yeye naye nyumba yake ilienda. Kusema kweli hakukumusaidia.” Akauliza kama yule mgeni aliwahi kurudi kuona. Nikamwambia hapana.

Kinachonikera si maji. Ni kwamba waliochafua hewa wanalala pakavu, na bibi yangu, asiyewahi kumiliki hata baiskeli, ndiye aliyekalishwa kwenye benchi la mtoto kufundishwa makosa yake. Siku moja nitawaleta wanangu kutoka Manono. Nitasimama ufukweni na kuwaonyesha kwa kidole: hapa tulilala, pale tulianika samaki, kule tulicheza. Wao watatazama mawimbi, kisha watanitazama mimi, na kwa heshima hawatasema kwamba hawaniamini.