Jina Nililolitaja kwa Jumbe

Asubuhi ile nilikuwa nafundisha amri ya saba, usiibe. Wanafunzi wa dini, wazee kwa vijana, walikaa chini mbele ya kikanisa chetu cha nyasi huko juu ya Mlali, nami nimesimama na kanzu niliyopewa na padre, kifua mbele. Nilikuwa mwalimu wa dini wa kijiji, na nilijiona kweli kweli. Aliyejua kusoma pale nilikuwa mimi peke yangu, wala sikumwacha mtu asahau hilo.

Klementi, mtoto wa dada yangu Veronika, alikuwa nyuma kabisa, jembe miguuni. Mtu mzima huyo, ana mke. Akanyoosha mkono.

"Mjomba, amri hiyo inagusa na mashamba?"

Watu wakainama kuficha vicheko. Kila mmoja alijua anachosema. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata mama. Shamba la bondeni lilikuwa la Veronika na watoto wake. Mimi mjomba nilikuwa mwangalizi tu. Nami nilikuwa nimempa mwanangu wa kumzaa, ambaye ni wa ukoo wa mama yake, apande humo kahawa. Angepanda mahindi, yangevunwa yakaisha. Lakini mti ukishashika mizizi, shamba limekwenda na mwenye mti. Hilo nililijua vizuri, ndiyo maana nilichagua kahawa.

Nilimfukuza Klementi darasani. Siku nzima sikula kwa hasira.

Vita tulikuwa tunaisikia kwa mbali tu, habari za wapita njia. Halafu jumbe, mkuu wa kijiji chini ya Wajerumani, akaja na amri. Wadachi wanaondoka Morogoro, wanapita milimani kwetu kwenda Kisaki, na kila ukoo utoe mwanamume mmoja wa kubeba mizigo. Anayetaja jina ni mjomba mkubwa wa ukoo. Nilimtaja Klementi hata jumbe hajamaliza kusema.

Veronika alinifuata nyumbani, akapiga magoti mlangoni.

"Kaka, Klementi kifua kinambana tangu masika. Mwenyewe unamsikia anavyokohoa. Huko hatarudi."

"Akabebe, ajifunze adabu," nikamjibu. Tena nikaongeza maneno ya Mungu juu ya kutii wakubwa. Maneno ya Mungu! Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonitia aibu kubwa mpaka leo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku ya tatu baada ya Klementi kuchukuliwa, askari walirudi, maana mizigo ilizidi watu. Nikawaonyesha cheti cha padre kinachosema mimi ni mwalimu, nisichukuliwe. Askari mmoja akakigeuza huku na huku, akakichana, akasokotea tumbaku yake. Kisha akaniwekea kichwani sanduku la risasi.

Sikuwahi kubeba kitu kizito tangu nilipovaa kanzu ile. Njia ya kupanda Mgeta ni nyembamba, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo. Nyuma yetu mizinga ya Waingereza ilinguruma. Walioanguka walipigwa kiboko, na waliposhindwa kuamka walisogezwa pembeni na wengine wakapita. Jua la siku ya pili lilikuwa halijafika utosini nilipojikwaa, sanduku likaniponyoka.

Mkono ukanishika bega kabla ya kiboko kufika.

"Shikamoo, mjomba."

Alikuwa Klementi. Macho yameingia ndani, midomo imekauka. Kundi lao lilikuwa limepumzishwa pale, sasa linaunganishwa na letu. Alivua ngata yake, kile kitambaa cha kuzungushia kichwani chini ya mzigo, akaniwekea. Yeye akajitwika sanduku lake juu ya nywele tupu.

Nikaokota sanduku langu, nikajitwika.

Tukatembea, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa naiona shingo yake ikitetemeka. Kila alipokohoa nilitaka kusema, na kila mara nikajiambia ngoja tufike kilele, ngoja tupewe maji. Mtu mwenye kiburi hakosi sababu ya kungoja.

Tulipoanza kuteremka akapiga magoti, akatema damu.

Nikatua mzigo, nikamkalisha kwenye jabali. Hapo ndipo kiburi kiliponitoka.

"Klementi, nilikutaja kwa sababu ya lile shamba."

"Najua."

"Nisamehe, baba."

 Akauliza, "Mama atalima wapi?"

"Atalima bondeni. Nikirudi hai, kahawa nitaing'oa mimi mwenyewe."

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi sali, mjomba."

Mimi niliyejua sala zote kwa mpangilio wake sikupata hata moja. Nilisema tu, Bwana, nihurumie mimi mwizi.

Askari alifika.

"Inuka, mzee!"

Kiboko cha kwanza. Cha pili.

Nikainuka. Nikajitwika. Nikaenda.

Klementi alikuwa bado anapumua.

Nilipofika kona nikageuka, nikamwona ameegemea jabali, ananitazama. Nikamwambia Mungu: mimi siwezi kubaki, baki naye wewe. Kabla ya siku ile nilikuwa namweleza Mungu kwa watu. Pale ndipo nilipomkabidhi kitu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sikuwa na mwingine.

Karibu na Kisaki nilitoroka. Nilipita njia ileile kurudi, nikatafuta kila jabali. Sikumkuta. Sijui fisi, sijui mto, sijui mkono wa mtu mwenye huruma.

Nyumbani niling'oa kahawa mbele ya watu, mwanangu akinitukana. Padre alinisikiliza, akaniondolea dhambi, akataka nirudi kufundisha. Nikakataa, nikakaa chini na wanafunzi.

Nikabakiwa na Veronika. Watu walikuwa wamemwambia kwamba mwanawe alifia njiani, na ningeweza kuliacha hivyo. Nilimkuta anapanda maharage bondeni. Nikamweleza yote, mpaka ile kona.

"Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo."

"Anakuona unaondoka?"

"Ndiyo."

Akaweka jembe chini.

"Ungekaa naye. Wangekupiga, lakini ungekaa naye."

Jibu nilikuwa nalo. Wangeniua, na kifo changu kisingemponya. Lilikuwa jibu la kweli, na maisha yangu yote sijawahi kukosa la kusema. Nililitafuna mpaka likaisha, nikapiga magoti kwenye udongo wake.

"Ni kweli, dada," nikasema. "Ningekaa naye."