Sifuri za Mpwa Wangu

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, simu ya mpwa wangu ilimuuliza swali, naye akalijibu kwa kidole kimoja huku akitafuna mkate. Nilidhani ni mchezo. Akishajibu, kioo kilijaa fataki za rangi na maneno ya pongezi, kisha yeye akaigeuza simu kifudifudi mkekani, kama mtu aliyesifiwa kwa kazi ya mwenzake.

Nilikuwa nimerudi Langoni, mtaa wetu kisiwani Lamu, baada ya kuzunguka sana. Nimepika katika hoteli Malindi, nimebeba mizigo Mtwara, nimeuza vitambaa Maskati. Dada yangu alinipa chumba cha chini, kile alichokuwa akilala marehemu mama yetu. Ninajijua: nikiwa mbali naililia Amu, kama tuiitavyo Lamu wenyewe, harufu ya kuta zake baada ya mvua na punda wanaokukaba kichochoroni mpaka ujibane ukutani. Nikiwa Amu, kila boti ya kuvukia Mokowe ikiwashwa moyo wangu huwa umeshapanda.

Mpwa wangu, mtoto wa huyo dada, alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Anasoma uchumi katika chuo kikuu kimoja Nairobi, na alikuwa amebakisha mwaka wa nne tu. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko.

Jumapili moja asubuhi nilimkuta anatafuna tambuu.

"Tangu lini wewe mla tambuu?" nikamuuliza. "Umeposwa?"

"Mjomba nawe! Kwani tambuu ni ya wanawake peke yao?"

"Ni ya bibi zako. Hebu fungua kinwa."

Akakifunga. Lakini nilikuwa nimeshasikia, chini ya popoo na iliki, harufu ya tembo la mnazi lililolala tumboni. Mashamba ya nyuma ya mji yana wagema, na kila kijana anajua ndia ya kufika kwao hata kama hajawahi kuipita.

Kwetu mambo ya namna hii mtoto huyapeleka kwa mjomba. Baba huogopwa, mama huonewa haya, lakini mjomba hutaniwa na huambiwa. Tukakaa kwenye daka la ndani, ukumbi wa mlangoni, akaniambia yote. Huko chuoni Ijumaa ikifika watu hunywa mpaka wasijue walipo. Alianza kwa kuwafuata wenzake wa chumba, vijana wa bara ambao kwao kunywa si jambo la kuficha. Kisha akawa anakwenda hata wasipokwenda wao. Muhula uliopita aliokotwa kwenye ngazi za bweni amelala chali katika matapishi yake. Mwenzake mmoja ndiye aliyemgeuza ubavu. Daktari wa zahanati ya chuo alimwambia wazi kwamba asingegeuzwa, angekabwa na matapishi hayo akafa.

Mshauri wa zahanati hiyo ndiye aliyemtilia programu ile katika simu. Kazi yake ni moja: kila asubuhi inamuuliza mwanafunzi jana alikunywa nini na kiasi gani, kisha inampa ushauri kulingana na jibu. Mshauri alimwambia, "Mwaka wa nne ndio unaoua. Likizo hii jifunze kujitazama, la sivyo hutaumaliza."

"Na imekusaidia?" nikamuuliza.

"Inaniambia niko sawa, mjomba."

Akanionyesha. Kalenda nzima ilikuwa sifuri, moja baada ya nyingine, kama shanga.

"Jana ulikunywa?"

"Jana nilikunywa."

"Na leo umeandika sifuri."

"Sasa niandike nini?" Alinitazama kama mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Nani anayasoma haya?"

"Hakuna. Mimi tu. Ndivyo alivyonihakikishia mshauri."

"Kwa hivyo wamdanganya nani?"

"Simdanganyi mtu. Najisitiri."

Yeyote aliyelelewa katika vyuo vyetu vya Kurani analijua somo hili. Dhambi ambayo Mungu ameifunika, wewe huamki asubuhi ukaifunua kwa ulimi wako mwenyewe. Ni adabu nzuri, na imeokoa nyumba nyingi hapa Amu. Wenzake wa bara waliotiliwa programu hiyohiyo waliandika idadi zao wakacheka na kuonyeshana. Mpwa wangu aliweza kunywa, lakini hakuweza kuandika kwamba amekunywa. Na ile programu, maskini, ilimwamini. Imetengenezwa ionye kwa inachoambiwa. Ikiambiwa sifuri inapiga fataki. Tangu aanze likizo haikuwa imemkemea hata mara moja.

Nikamwambia aanze upya, aandike kweli. Akakataa.

"Ukiwa na jipu pasipoonekana, ukifika hospitali hufungui nguo?"

"Jipu si dhambi, mjomba."

"Na daktari wa chuo hukumwambia?"

"Daktari ni mtu, ana amana. Hii ni simu. Kesho ikiibwa, je? Ikiokotwa na watoto wa mtaa huu?"

Alikuwa na jibu kwa kila neno. Nikamwacha, ila sikuwa nimekubali.

Siku zilizofuata nikaanza kuitazama nyumba vizuri zaidi. Nikagundua kwamba kila baada ya usiku ambao kijana ametoka, dada yangu hupanda na chetezo chumbani kwa mwanawe akafukiza udi. Katika nyumba yetu udi ni wa Ijumaa, wa mgeni, au wa bibi harusi. Sikuwahi kuuona wa Jumapili. Nikapanda jikoni nikamkuta ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Dada, udi wa Jumapili ni wa nani?"

"Wa nyumba. Nyumba yanuka unyevu."

"Unyevu wa chumba kimoja?"

Mkono wake ukasimama.

"Mwanangu hanwi," akasema.

"Sikusema anakunywa."

"Basi usiseme. Bwana wee, niwate! Mji huu kuta zina masikio, na masikio yana miguu. Likitoka nde, nani atakayempa binti yake? Mimi namsitiri, na Mungu atamsitiri."

"Na Nairobi nani anamfukizia?"

Akaendelea kukuna ile nazi ingawa nyama ilikuwa imekwisha, na vipande vya kahawia vya kifuu vikaanza kuanguka juu ya weupe. Habari ya ngazi za bweni nilikuwa nimeahidi kuificha, na sikuitoa. Nilimwambia tu, "Mwite. Mwulize wewe."

"Nikimwuliza ataniambia," akasema bila kuinua uso. "Hapo ndipo ninapoogopa."

Ndipo nilipoelewa tunavyoishi. Kijana anamficha mama, mama anamficha kijana kwamba anajua, wote wawili wanauficha mji, na simu nayo imefichwa. Sitara ile tuliyorithi kwa nia njema ilikuwa imemfunika mtoto mpaka pumzi haipiti. Nikamwambia dada yangu hivyo, kwa sauti ya chini, na nikamwambia kwamba sitanyamaza tena. Nilikuwa nimezizunguka bandari nyingi na kuwaona wengi waliositiriwa mpaka kaburini.

Usiku ule kijana alitoka tena. Asubuhi ya pili dada yangu alishuka kunywa chai nasi, jambo asilozoea. Simu ikalia.

"Yauliza nini hiyo?"

Mpwa wangu akanitazama. Mimi nikaitazama chai yangu.

"Yauliza... yana nilikunywa nini."

"Nawe huijibu nini?"

Akaigeuza simu kifudifudi.

"Ndoo karibu. Nisomee."

Akasogea akamsomea neno kwa neno, masikio yamemwiva.

"Haya, jibu kweli."

"Mama..."

"Nimekufulia tangu huyui kusema. Hakuna nguo yako nisiyoiyua. Jibu, mwanangu."

Akaanza kubonyeza, kisha akakwama. Programu ilikuwa na picha ya chupa ya bia, picha ya gilasi ya mvinyo na picha ya kikombe kidogo cha pombe kali.

"Hakuna tembo," akasema.

Nikacheka kabla sijajizuia. Mama yake akauma mdomo, mabega yakamtikisika, sijui kwa kicheko au kwa kilio. Kijana akatafuta pale palipoandikwa "kinywaji kingine", akakadiria kata ya mgema ni sawa na bia ngapi, akaingiza.

Fataki hazikuja. Kioo kikawa chekundu. Kikamwambia kwamba kiasi hicho kwa mkao mmoja ni cha hatari, kikaeleza kinaufanya nini mwili, kisha kikauliza maswali ambayo hakuwa amewahi kuyaona: hunywea wapi, na nani, akiwa na hali gani ya moyo, na je, anataka kupunguza au kuacha?

"Iambie wataka kuwata kabisa," dada yangu akasema.

"Mama, mshauri alisema watu wengine huanza kwa kupunguza..."

"Mshauri hakukuzaa. Andika."

Akaandika. Na usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Jumamosi iliyofuata alikwenda tena kwa mgema, na asubuhi yake kioo kikawa chekundu mbele yetu sote. Alitaka kuifuta programu. Mama yake akaishika ile simu mikononi mwake mpaka hasira zikampungua, akamrudishia bila kusema lolote. Chumba hakikufukizwa. Baada ya hapo ikawa akiona saa za kwenda mashambani zinakaribia, huisoma simu kwanza, halafu huja kunitafuta tukatembea ufuoni mpaka Shela na kurudi. Baadhi ya wiki sifuri zilirudi, na safari hii hata mimi nilizipenda fataki.

Siku alipokuwa akifunga mizigo alinionyesha mahali pa mwisho ambapo alikuwa amepaacha wazi. Programu ilitaka nambari ya mtu atakayempigia kabla ya kwenda kunywa. Alikuwa ameandika yangu.

"Kwa nini si mamako?"

"Mama hatalala. Lakini, mjomba, nakuomba. Wewe simu yako haipatikani. Leo una laini ya Tanzania, kesho ya Omani. Nikikukosa siku moja nitakwenda, nakwambia kweli."

Wakati huo nilikuwa na safari. Rafiki yangu wa Mtwara alikuwa anafungua mkahawa na ameniwekea jiko. Nilikuwa nimeshaionja hamu ya ndia kinywani. Nilimpigia rafiki yule siku ileile nikamwambia asiniwekee nafasi, labda mwaka ujao, mpwa wangu akishavaa joho. Akanicheka, akasema nimezeeka. Nikamwambia sawa.

Sasa niko Langoni, na hamu ya kuondoka haijanitoka. Boti zikiwashwa bado nageuza kichwa. Mpwa wangu yuko Nairobi, mwaka wa nne, na Ijumaa hunipigia. Mara nyingi hupiga kabla, tukazungumza upuuzi wa mtaani mpaka wenzake wakachoka kumngoja. Mara moja alipiga baada, siku ya pili, akanitajia kiasi mwenyewe kabla sijamuuliza.

"Umeandika?" nikamuuliza.

"Nimeandika."

"Basi. Ijumaa nipigie mapema."

Ijumaa baada ya alasiri sipokei simu ya mtu mwingine.