Bahasha za Mjomba Zabron

Hata leo, muuguzi akinifuta mkono kwa pamba yenye spiriti, akili yangu hupanda vilima ikarudi Kibondo, kwenye chumba cha uani alichokaa Mjomba Zabron. Chumba kile kilinuka spiriti, nami, msichana wa miaka tisa, niliipenda harufu ile kuliko ya maandazi. Nilidhani ndivyo elimu inavyonukia.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa tabibu wa kituo cha afya ng'ambo ya bonde. Mwaka 2013 alianguka na pikipiki kwenye barabara ya Kakonko, akavunjika mguu, akaja kuuguzwa kwetu. Alifungwa hogo la plasta, akachomwa sindano za kutuliza maumivu. Hogo likafunguliwa, sindano zikaendelea. Kila baada ya siku mbili alinipa bahasha nimpelekee Mama Godeliva, muuguzi aliyetunza kabati la dawa kituoni kwake. Ndani mlikuwa na cheti cha dawa alichojiandikia mwenyewe. Mama Godeliva alikisoma, akanifungia vichupa kwenye gazeti, nami nikarudi polepole, utadhani nimebeba mayai.

Mama alizoea kusema nilizaliwa na swali mdomoni, na mjomba alinipa maswali tele. Mbona alivaa mikono mirefu jua likiwaka? Mbona alijikuna pua kutwa? Nilimchungulia machoni nikaona mboni zimekuwa ndogo kama punje za ulezi. Nilipomuuliza alicheka, akasema dawa za mguu zina vituko. Lakini nikichelewa na vichupa hakucheka. Alitetemeka na kutoka jasho. Siku moja aliipiga teke sufuria ya maharage ya mama, kwa mguu uleule tuliokuwa tukiuuguza, kisha akaketi chini akalia.

Asubuhi iliyofuata Mama Godeliva aliipokea bahasha, asiifungue.

“Mwana wanje,” aliniita mwanangu kwa Kiha, “mguu wa mjomba wako bado unauma?”

Nilitaka kumfurahisha. “Umepona, mama. Juzi alicheza mpira. Jana alipiga sufuria teke.”

Hakunipa kitu. Alivua koti lake jeupe, akanishika mkono, tukaenda wote nyumbani. Yeye na mama waliingia chumbani kwa mjomba. Mimi nikatega sikio dirishani. Mjomba alikana, akakana tena. Halafu nikamsikia: “Dada, siumwi mguu. Naumwa nisipojichoma.”

Wiki ile mama alimpeleka Dar es Salaam kutibiwa. Aliondoka bila kuniaga, na kazi ikampotea. Niliamini ulimi wangu ndio uliomfukuza, nikaacha kuuliza chochote, hadi mama akadhani nina malaria. Mjomba alipona, akarudia sindano, akapona tena. Aliporudi mwaka 2015 alikuwa amekonda, akalima maharage Nyakitonto, na anayalima hadi sasa.

Watu wazima walikuwa wakitukanya tusiwasogelee wavuta bangi wa stendi. Hakuna aliyetukanya kuhusu msomi mwenye shati lililopigwa pasi. Nilipokuwa mkubwa mama alikiri kwangu kwamba yote niliyoyaona, naye aliyaona kabla yangu, ila aliogopa aibu. Mama Godeliva naye jibu alikuwa nalo kabla ya kuniuliza. Walikuwa wakimsubiri mtu wa kulitamka, na katika nyumba ile nzima, asiyejua kuogopa nilikuwa mimi peke yangu.