Fundi Rosa na king'ora ambacho Ahero iliacha kukisikiliza

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha mabati karibu na njia panda ya Mamboleo, Rosa Nabalayo anafunga kisanduku cha bati na kutazama saa ukutani. Ndani inawaka taa ya zambarau, na chini yake kuna chipu yenye kidirisha cha kioo kidogo kuliko ukucha. Kwa dakika ishirini hatakifungua, maana mwanga ule huumiza macho.

"Taa inafuta maagizo yote ya zamani," anasema. "Chipu ikitoka humo haikumbuki kitu. Mimi ndiye ninayekumbuka."

Rosa, mwenye miaka thelathini na sita, ni mzaliwa wa Bungoma. Alikuja Kisumu mwaka 1985 kusomea umeme, na tangu hapo riziki yake imetoka kwenye redio na televisheni mbovu. Mwezi mzuri humpa shilingi elfu nne. Kazi ya chipu alijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada na kompyuta kuukuu.

Mapema mwaka 1997, kanisa lake lilimwomba atengeneze king'ora cha kuwaonya wakazi wa ukingo wa Mto Nyando, karibu na Ahero, mafuriko yanapokuja. Akaweka boya majini, swichi juu yake, na chipu ya kuisoma swichi hiyo na kuliza king'ora. Siku ya majaribio, familia sitini zilishangilia.

Kisha kikaanza kusema uongo. Kati ya Aprili na Oktoba kililia mara tano bila maji kupanda. Mara mbili za kwanza watu walikimbia na watoto na magodoro hadi barabara kuu. Mara ya tatu walitembea. Mara ya tano hakuna aliyeinuka.

Rosa alibadilisha swichi, nyaya, hata betri. Programu, yaani maagizo yaliyo ndani ya chipu, hakuigusa.

"Niliiamini, kwa sababu mezani haikuwahi kukosea. Mtoni sikuwa nimekaa hata saa moja."

Asubuhi moja ya Novemba, jua liliwaka Ahero, lakini milimani mvua kubwa ilikuwa imenyesha. King'ora kikalia. Mama Adero, mjane wa miaka sitini na minane, alikuwa akianika mpunga kwenye turubai. Binti yake, Awuor, hajasahau.

"Alisema, 'Kisanduku cha Rosa kimeanza tena. Mvua iko wapi?' Nikacheka. Nikaenda sokoni."

Maji yalifika baada ya dakika arobaini. Mama Adero alipatikana siku ya tatu.

Kwa miezi miwili Rosa hakushika chipu. Januari mwaka huu akaenda kukaa ukingoni siku nne, daftari magotini, akitazama taa nyekundu aliyoiunganisha na swichi. Ng'ombe waliingia kunywa, boya likaruka, taa ikawaka. Tawi likaligonga boya, taa ikawaka tena. Programu ilikuwa ikisoma swichi mara moja tu na kuamini.

"Kosa lilikuwa mistari mitatu," anasema.

Sasa chipu itasoma kila sekunde kwa dakika mbili, na isipokuta boya limebaki juu sehemu kubwa ya muda huo, haitalia.

Kabla ya kuandika upya, alikwenda kwa Awuor na kumwambia kosa ni lake, wala si la mashine. Awuor aliendelea kupepeta mchele kwa muda mrefu.

"Siku ile kilisema ukweli, Rosa," akajibu hatimaye. "Ni sisi tulikuwa tumechoka nacho. Lakini sitakudanganya, bado nina uchungu."

Rosa anataka king'ora kirudi kabla ya mvua za Machi. Maboma mawili yamekikataa. Juzi Awuor alituma ujumbe: kiwekwe kwake, naye afundishwe kukifungua na kukikagua.

"Kikilia, nitashuka mtoni niangalie kwa macho yangu," anasema Awuor. "Halafu nitabisha mlango kwa mlango. Mimi watanisikiliza. Wanajua nimemzika nani."